Migomba Iliyobaki Kwenye Diski

Baba aliacha kuingia kibanjani, kwenye shamba letu la kando ya nyumba, siku tulipomaliza kufukia migomba. Hakutangaza. Asubuhi iliyofuata aliamka, akanawa uso, akavaa koti lake, akapita pembeni ya nyumba bila kugeuza shingo, akaenda zake Muleba mjini. Huko alikaa kwenye benchi karibu na yanaposimama mabasi ya Biharamulo. Mchana alirudi kula. Kesho yake akafanya vilevile, na keshokutwa, mpaka watu wa nyumbani tukazoea kwamba huo ndio utaratibu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mnyauko. Kwa asiyeujua, majani ya mgomba hugeuka njano na kulegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukiikata, ndani ina rangi ya kutu. Ukikata shina, linatoa ute wa njano. Hakuna dawa. Unang'oa, unakatakata, unafukia, unapitisha panga kwenye moto kabla halijagusa mgomba mwingine, halafu unasubiri ardhi isahau.

Nilikuwa naujua vizuri kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Niliajiriwa na mradi wa utafiti uliokuwa na ofisi Bukoba, tukazunguka mashamba kuanzia viunga vya mji mpaka Muleba, tukipiga picha za migomba inayougua. Mashamba yalichaguliwa na wataalamu, na la kwetu likawamo. Basi nilikwenda nyumbani kama mfanyakazi, na simu ya mradi mkononi na rula ya plastiki mfukoni. Mama alishika rula kando ya kila jani ili picha ioneshe ukubwa. Nilipiga jani, nikapiga ua dume, nikapiga ndizi iliyopasuliwa, nikahamia mgomba wa pili. Kabla ya saa ya chakula tulikuwa tumemaliza, na nikavuka njia kwenda kwa jirani kufanya kama nilivyofanya kwetu.

Siku ya kukata nilikuwapo pia. Majirani walikuja na mapanga, na mwanamke mmoja alikaa jikoni na Mama kama watu wanavyokaa kwenye msiba. Mimi nilikuwa na kazi ya kuchoma mapanga. Nilisubiri kulia kama mtu anavyosubiri chafya, nikasikia kama inakuja, haikuja. Jioni nilinawa mikono kwa sabuni ya unga, nikapanda gari kurudi Bukoba, na kwenye ripoti ya wiki ile nikaandika kwamba shamba limeathirika kwa kiwango kikubwa. Ilikuwa sentensi niliyoiandikia mashamba mengi.

Mradi ulipofungwa nilipata kazi nyingine Bukoba, ya kuingiza takwimu kwenye kompyuta za ofisi moja ya mjini. Nilipanga chumba Kitendaguro. Nilikuwa naamka, naenda, narudi, napika. Nilikuwa napiga simu nyumbani Jumapili baada ya misa.

"Mmeshindaje, Mama?"

"Tupo."

"Baba?"

"Katoka."

Na mimi nilisema nipo. Tulikuwa tunaachiana nafasi ya kukata simu, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Jumapili moja Mama hakuniachia nafasi hiyo. Alisema bwana shamba amepita, amekagua, amewaambia muda wa kusubiri umetosha. Sasa wanaweza kupanda.

"Ni vizuri," nikasema.

"Zile picha ulizopiga hapa kwetu ziko wapi?"

"Zilibaki kwenye diski ya mradi."

"Nataka kuziona."

Nikamuuliza za nini. Akasema anataka kupanda kila aina pale pale ilipokuwa: enchoncho mahali pake, nshakara mahali pake. Alisema alikuwa na uhakika kwamba hawezi kusahau kibanja alichoingia kila siku tangu aolewe. Sasa akisimama mlangoni anaona mahindi na maharage na mibuni michache tu, na kichwa chake hakimwambii kitu.

"Baba yako nikimuuliza, ananiambia panda unapotaka."

Nikamwambia nitazitafuta.

Mkuu wetu wa zamani alikuwa amestaafu na kuhamia kwake Kibeta, ambako anafuga ng'ombe wawili wa maziwa. Tulikuwa tukimwita Dokta, na hata sasa namwita hivyo. Nilimkuta akimwaga pumba kwenye hori. Nikampa shikamoo, nikamweleza nilichokuja kutafuta. Hakuuliza mengi. Aliingia ndani, akatoka na diski iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuzungushiwa mpira.

"Humu nilipanga vizuri kabla ya kufunga ofisi," akasema. "Mwanzo folda zilikuwa zimetapakaa. Nikazichukua zote nikazitia ndani ya folda moja, nikaipa jina la mradi."

"Jina zima, Dokta?"

"Jina zima. Mtu akija miaka ijayo ajue ni nini."

Jina la mradi wetu lilikuwa refu kiasi kwamba kwenye bango la ofisini lilikuwa limechukua mistari mitatu. Nilicheka kidogo kwa adabu, nikachukua diski. Nakala hazikuwa na siri yoyote, alisema, nichukue ninachotaka nimrudishie. Akanipa na chupa ya maziwa.

Jumamosi asubuhi nilichemsha maziwa yale, nikaketi kitandani na kompyuta mapajani, nikaichomeka diski. Kompyuta yangu inatumia Windows, ni ya zamani, na feni yake inanguruma. Ningeweza kufungua folda moja baada ya nyingine kwa mkono, lakini ndani yake kulikuwa na folda zilizoitwa Nakala, na ndani yake Nakala Mpya, na ndani yake Mpya Kabisa, na kila moja ilikuwa na wilaya zote tena. Wafanyakazi tulikuwa wengi na kila mtu alikuwa anahifadhi kwa namna yake. Nikaamua kutumia Python, lugha ya kuandikia programu, kwa kuwa enzi za mradi ndiyo niliyojifunza ili kubadilisha majina ya picha. Mtu anaiandikia mistari michache, anaiambia ipite kila folda na itaje kila picha inayokutana nayo.

Nilianza na programu yangu ya zamani, niliyokuwa nimeihifadhi kwenye barua pepe. Ilikuwa inaitafuta folda ya picha kwa nukta mbili, `..\picha`. Nukta mbili maana yake toka nje ya folda uliyomo, kisha tafuta jirani yake. Ofisini ilifanya kazi kwa sababu programu na picha zilikaa kwenye diski moja. Hapa kitandani, programu ilikuwa kwenye kompyuta yangu. Niliiambia inioneshe njia kamili, na Python ikazitatua zile nukta mbili vizuri, ikanipa anwani ndefu inayoanzia kwenye C, ikapita kwenye jina langu, ikaishia kwenye `picha`. Hakukuwa na folda kama hiyo. Ilinipa anwani kamili ya mahali ambapo hapajawahi kuwapo, kwa kuwa nilikuwa nimeomba anwani tu, sikuuliza kama pana kitu. Nikauliza. Ikajibu `False`, yaani hapana.

Nikaandika anwani mwenyewe, kuanzia herufi ya diski. Kwanza nilijaribu folda ya Nshamba, kwa sababu ndiko tulikoanzia kazi ya Muleba. Niliandika `'F:\picha\nshamba'`, nikiwa hata sijakumbuka kwamba Dokta amehamisha kila kitu. Kosa lililorudi halikusema folda haipo. Lilisema jina lenyewe limeandikwa vibaya. Nikalitazama kwa muda. Kwenye Windows njia huandikwa kwa ule mkwaju unaolala nyuma, na kwenye Python mkwaju huo ukifuatwa na n maana yake ni kuanza mstari mpya. Kompyuta ilikuwa imesoma `picha`, ikashuka mstari, ikasoma `shamba`. Jambo hili nilikuwa nimewafundisha wenzangu wawili ofisini. Unaweka herufi r kabla ya alama za kunukuu, na mkwaju unabaki kuwa mkwaju. Nikaiweka, na sasa ikasema folda haipo, maana Dokta alikuwa ameihamisha. Sikujikasirikia. Maziwa yalikuwa yamepoa na yameshika utando juu, nikautoa kwa kidole, nikanywa.

Safari ya tatu nilianzia juu kabisa, kwenye mzizi wa diski, nikaiambia Python ishuke kila mahali kwa `os.walk` na ihifadhi kila picha iliyo ndani ya folda yenye msimbo wa kwetu. Kila shamba lilikuwa na msimbo badala ya jina la mwenye shamba, na wa kwetu niliukumbuka. Diski ikaanza kunguruma pamoja na feni. Nilitoka nje, nikaanua nguo, nikarudi. Ilikuwa imemaliza. Kwenye skrini palikuwa na mabano mawili ya mraba, yamefungana, hayana kitu katikati.

Nilikaa.

Ukweli ni kwamba sikushtuka. Nilifikiri, basi hazipo, nitampigia Mama nimwambie hazipo, naye atasema sawa, na Jumapili ijayo atasema tupo. Nilishika hata simu. Kilichonizuia hakikuwa huruma. Nilijua kwamba nilizihifadhi mwenyewe, na kompyuta isiyo na kosa lolote la kuonesha huwa inanitia wasiwasi kuliko inayolalamika.

Nikaiambia itaje kila folda inayopita na idadi ya herufi za njia yake. Majina yakaanza kumiminika, yote yakianza na lile jina la mradi la mistari mitatu, yakifuatiwa na Nakala na Nakala Mpya na wilaya na kata na kijiji. Nikaona kwamba orodha ya folda za kwetu inafika kwenye kijiji, inasimama. Chini ya kijiji hapakutajwa kitu. Na ile ya kijiji ilikuwa imekaribia herufi mia mbili na sitini.

Hapo nikaelewa. Windows, isipobadilishwa mipangilio, haipokei njia inayozidi urefu huo. Picha zilipohifadhiwa njia ilikuwa fupi. Dokta alipozihamisha zote kwa mkupuo kuziingiza kwenye jina la mradi, Windows haikumzuia, maana alisogeza folda ya juu tu. Zilizokuwa chini kabisa zikawa zimepita kikomo. Na `os.walk` ikikuta folda isiyoweza kuifungua, haisemi kitu. Inairuka na kuendelea na kazi, isipokuwa umeiagiza kabla kwamba ikikwama ikwambie. Nikaiagiza. Ikaja orodha ndefu ya makosa, folda baada ya folda, na katikati yake msimbo wa kwetu.

Dawa yake ni ndogo. Mbele ya njia kamili unaweka mikwaju miwili, alama ya kuuliza, na mkwaju mwingine, `\\?\`, na Windows inaacha kuhesabu. Nikaendesha tena. Picha zikajaa kwenye skrini. Nikazinakili kwenye folda fupi niliyoipa jina `nyumbani`, kwa sababu zilikokuwa hata programu ya kutazamia picha ilikataa kuzifungua. Nikaosha chupa ya Dokta. Sikufungua picha hata moja. Niliona majina yake na ukubwa wake, nikaona inatosha.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa ya Ijumaa, nikapanda basi kwenda Muleba. Baba nilimwona kabla ya kushuka, yuko kwenye benchi, anaongea na wakala wa tiketi. Nikamsalimia, akaitikia, akaniuliza habari za Bukoba. Sikumwambia nilichobeba. Aliniambia nitangulie, atakuja kula.

Mama alikuwa amefagia sebule. Tuliweka kompyuta kwenye meza, juu ya kitambaa alichofuma, na akavuta kiti chake karibu sana kiasi kwamba ikabidi nimwombe asogee kidogo ili nione. Nikafungua picha ya kwanza. Jani la njano lilijaza skrini yote. Ya pili ilikuwa jani. Ya tatu ilikuwa ndizi iliyopasuliwa, kahawia ndani.

"Na kibanja?" akauliza.

"Ndicho hiki, Mama."

"Naona jani."

Nikapeleka mbele. Ua dume lililokauka. Shina lililokatwa. Jani. Niliendelea kubonyeza, na kila nilipobonyeza nilijua zaidi kinachokuja, kwa sababu tulikuwa tumefundishwa kupiga hivyo: karibu, bila kitu kingine nyuma yake, ugonjwa uonekane. Sikuwa nimepiga hata picha moja ya migomba ikiwa imesimama. Hakukuwa na njia, hakukuwa na mlango wa jikoni, hakukuwa na mibuni iliyokuwa katikati yake. Mashamba yote tuliyopita yalikuwa hivi hivi.

"Hii inaweza kuwa ya mtu yeyote," Mama akasema. Hakulalamika. Alikuwa anasema anachokiona.

"Inaweza."

"Na huo mkono ni wa nani?"

Kwenye pembe ya picha kulikuwa na mkono umeshika rula.

"Wako."

"Hapana. Mimi sina kucha kama hizo."

Nikaikuza picha mpaka pete ikaonekana. Akautazama mkono wa kwenye kompyuta, kisha akautazama uliokuwa mapajani mwake, akaugeuza kiganja juu, chini.

"Nilikuwa nimekonda," akasema.

Baba aliingia wakati huo, akaweka kofia kwenye msumari. Aliona mwanga wa skrini akauliza tunatazama nini. Mama akamwambia ni picha za kibanja, ila hazina kibanja. Nilidhani atapita kwenda chumbani. Alisimama nyuma yetu. Nilikuwa kwenye picha ya shina moja nene, lenye madoa meusi na kovu upande mmoja.

"Hiyo ni nyoya, ule mgomba wa karibu na kisima," Baba akasema.

Mama akageuka. "Karibu na kisima palikuwa na nshakara."

"Nshakara ilikuwa upande wa juu yake."

"Juu yake palikuwa na mbuni uliopandwa na mama yako. Nyoya zilikuwa upande wa jikoni, waitu, nilikuwa nazikata mwenyewe."

"Hilo kovu nililifanya mimi, panga liliteleza. Nilikuwa natoka kisimani."

"Ulikuwa unatoka jikoni kuniomba maji."

Wakahamia Kihaya, na kutoka hapo sikuweza kuwatenganisha. Walitaja migomba mmoja mmoja kama watu wanavyobishania watoto wa ukoo, nani alizaliwa kwanza na kwa mama yupi. Baba alivuta kigoda akaketi. Aliniamuru nirudishe picha ya nyuma, nikarudisha. Mama akaniamuru niende mbele, nikaenda. Nikakumbuka kwamba simu ya mradi ilikuwa inaandika ndani ya kila picha mahali ilipopigwa, nikawaambia naweza kutafuta. Nilitafuta. Vipimo vilikuwa vinakosea hatua kadhaa huku au kule, na kibanja chetu si kikubwa. Kulingana na vipimo hivyo mgomba wenye kovu ulikuwa umesimama katikati ya barabara.

"Umeona," Baba akasema, akimwambia Mama.

"Nimeona nini? Hata wewe hukusema barabarani."

Chakula kilipoa. Hakuna aliyekigusa mpaka tulipofika picha ya mwisho, na Mama alipoinuka kupasha maharage, Baba alinyanyuka akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilimwona dirishani. Alikuwa amesimama kwenye mahindi, mikono nyuma, anatazama kuelekea kisimani. Kisha akatembea kutoka kisimani mpaka jikoni, akirefusha hatua kama anayepima. Mimi nilibaki mezani. Nilijaribu kuangalia nina hali gani na sikupata cha maana, nikazima kompyuta kuokoa chaji.

Walipanda mvua zilipoanza. Miche ililetwa kutoka shamba safi ambalo bwana shamba aliwaonesha, na aina ya nyoya haikupatikana ya kutosha, kwa hiyo ubishi wenyewe ulikatwa nusu. Nilikwenda kusaidia mwisho wa wiki moja. Mama alikuwa amesimika vijiti mahali anapotaka mashimo, na Baba, aliyekuwa amevua koti na kulitundika kwenye mbuni, alivihamisha baadhi kila Mama alipoingia ndani. Mama alipotoka alivirudisha. Mashimo yakachimbwa mengine kwa kijiti cha huyu na mengine kwa kijiti cha yule. Mimi nilibeba samadi. Mgongo uliniuma, na niliona kwamba uliniuma, jambo ambalo kwa muda mrefu nilikuwa silioni.

Diski nilimrudishia Dokta na nikamweleza kuhusu lile jina refu. Alisikiliza kwa makini, akasema basi nimsaidie kulifupisha. Tuliketi barazani kwake Kibeta tukafanya hivyo.

Sasa Jumapili nikipiga simu, Mama huwa na la kusema. Juzi alisema mche mmoja ulio karibu na kisima umekataa, wameung'oa, wakakaguliwa, si mnyauko, ni mchwa tu. Baba alikuwa nyuma yake, nikamsikia akisema ulikataa kwa sababu ulipandwa mahali pasipo pake.

"Utakuja lini?" Mama akauliza. "Majani yameshapita kiuno. Njoo na simu."

Nikamwambia nitakuja mwisho wa mwezi, na kwamba safari hii nitasimama mbali ili kibanja kionekane chote, na nyumba.

"Usisimame mbali sana," akasema. "Kule chini kuna matope."

Nikamwambia sawa, nitavaa mabuti.